Kito Chetu, Pete ya Wenyewe

Si kawaida ya ukurasa huu kufika Gesima. Ni nchi ya juu, katika Kaunti ya Nyamira, upande wa Kitutu Masaba, penye majani chai na migomba. Mtu wa pwani akiulizwa khabari za johari atataja Voi au Taveta, na aliyetembea atataja Merelani na Dubai. Gesima hataitaja, na ana haki, maana Gesima haijulikani kwa mgodi wa johari. Lakini leo twaanzia huko makusudi, kwani neno tunalotaka kulisema juu ya pete na mikufu ya siku hizi laonekana wazi zaidi mahali pasipochimbwa vito kuliko pale vinapochimbwa.

Zamani mwanamke wa Kigusii aliyeolewa kwa arusi kamili, ile waiitayo enyangi, alivishwa ebitinge. Hizo zilikuwa pete za chuma zilizotiwa miguuni, kwenye vifundo. Hazikuwa pambo la kuvaa jioni na kuvua asubuhi. Zilikuwa ushahidi. Aliyezivaa alijulikana kuwa ni mke wa mtu kwa arusi iliyotimia, na kila aliyemwona njiani alisoma khabari zake pasi na kumwuliza. Wamisheni walipofika, Wakatoliki wakakaa Nyabururu mwaka 1911 na Wasabato Nyanchwa mwaka 1912, wakaja na arusi ya kanisani. Enyangi nayo ilikuwa na gharama nyingi. Kufika miaka ya 1950 ilikuwa imekwisha kuanza kuachwa, na ebitinge zikaondoka pamoja nayo. Wasabato wakahubiri kwamba mwanamke wa dini apambike kwa tabia, si kwa madini.

Msomaji wa pwani asitabasamu akadhani hayo ni ya watu wa bara. Zetu furungu zi wapi? Ziko wapi keekee, timbi na majasi? Kipini twakiona bado kwa bibi mmoja mmoja, na vikuku huazimwa siku ya arusi ili bibi arusi apigwe picha, kisha vikarudi sandukuni. Nyanya zetu walivaa fedha nzito. Sonara alipewa riale, zile zenye sura ya malkia Maria Theresa, akaziyeyusha akafua bangili, na mwenye bangili akajua uzani wake kama ajuavyo umri wa wanawe. Siku ya dhiki bangili ilirudi kwa sonara ikawa fedha tena. Pambo lilikuwa uzuri, na lilikuwa akiba pia.

Basi chuma cha Gesima na fedha ya Lamu vilikuwa ndugu. Vyote viwili vilikaa zaidi mikononi na miguuni, vyote vilithaminiwa kwa uzito na maana, na vyote vilifuliwa na fundi ambaye mvaaji alimjua kwa jina. Leo bibi arusi wa Gesima asiyefuata katazo la kanisa, na bibi arusi wa Kibokoni, wakienda kununua pete, huenda wakachagua katika sanduku moja la kioo, pete za namna moja, zilizotoka ng'ambo moja. Hapo ndipo penye shauri letu.

Kwanza tueleze mambo yalivyogeuka, kwa sababu watu wengi hudhani umbo la pete ni mapenzi ya sonara tu. Sivyo. Jiwe lenyewe huamrisha.

Tazama pete ya akiki wanayovaa wazee wetu. Jiwe limesuguliwa likawa laini, mgongo wake umevimba kama yai, na fedha imelizunguka pande zote kama ukuta wa kisima. Mtindo huo ni wa zamani sana, nao una akili. Akiki haipitishi nuru nyingi, uzuri wake u katika rangi na mng'aro wa juu, basi haidhuru ikizungukwa. Ukuta wa fedha huilinda isipasuke mtu anapofanya kazi. Na sisi tuna sababu zaidi ya kuipenda, kwani yapokewa katika Hadithi kwamba pete ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ilikuwa ya fedha, na kito chake cha Uhabeshi. Dhahabu imeharamishwa kwa wanaume, fedha imeachwa, na sonara wa Kiislamu akajenga sanaa nzima juu ya mpaka huo.

Ulaya walikwenda njia nyingine. Tangu karne ya 15 mafundi wao walizidi kujifunza kuikata almasi nyuso nyingi ndogo, kila uso kwa pembe yake, ili nuru ingiayo juu igonge chini irudi machoni. Jiwe la namna hiyo likizungushiwa ukuta hupungukiwa na nuru. Kwa hiyo ukuta ukapunguzwa, zikabaki kucha tu. Mwaka 1886 duka la Tiffany la New York lilitoa pete yenye kucha sita zilizoliinua jiwe juu kabisa ya kidole. Umbo hilo ndilo lililoenea duniani, na ndilo mabinti zetu waliitalo pete ya kisasa. Tangu hapo madini yakawa mtumishi na jiwe likawa bwana.

Kisha zamu ikafika kwetu, lakini kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1967 tanzanaiti ilijulikana huko Merelani, karibu na Arusha, na mwaka 1968 Tiffany hao hao wakaipa jina na kuitangaza. Mwaka huo huo wa 1967 mjiolojia Campbell Bridges aliona huko Tanzania ganeti ya rangi ya kijani isiyo kifani. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaipata tena upande wa Kenya, Taita. Mwaka 1974 ikaitwa tsavoraiti kwa jina la mbuga ya Tsavo. Karibu na wakati huo, mwaka 1973, zilionekana yakuti nyekundu za Mangare, huko huko Tsavo.

Mawe haya mapya yalibadili umbo la mapambo. Tanzanaiti yatoka ardhini aghalabu ina rangi ya udongo udongo. Hupashwa moto wa joto la digrii 500 hivi ndipo ikageuka buluu ya zambarau. Nayo ni laini kwa jiwe la thamani, ikigongwa hupasuka, hivyo sonara mwenye akili huitia zaidi katika kidani na herini kuliko katika pete ya mama anayefua na kupika. Tsavoraiti ni ngumu kuiliko, haihitaji moto, kijani chake ni cha kuzaliwa. Lakini huwa ndogo. Iliyo safi ikazidi karati mbili ni adimu, na karati tano ndizo gramu moja. Basi mafundi wakazoea kupanga vijiwe vingi vidogo pamoja mfano wa nyota, badala ya kutegemea jiwe moja kubwa.

Sasa twauliza: ni nani aliyekaa akafikiri hayo yote? Ni fundi wa New York, na baada yake fundi wa Bangkok na wa Jaipur, mji wa India ambako tanzanaiti nyingi hukatwa. Jiwe hutoka Merelani likiwa ghafi, likavuka bahari, likakatwa, likatiwa dhahabu, na huenda likarudi Mombasa kwa njia ya Dubai, nasi tukalinunua kwa bei ya mgeni. Tumechimba sisi, tumevaa sisi, na faida ya katikati imekwenda kwa wengine.

Wala jambo hili si geni. Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa aliyefariki katikati ya karne ya 11, aliandika katika kitabu chake cha johari kwamba bilauri ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanji. Zanji ndio sisi. Zama hizo mafundi wa Misri ya Mafatimi walikuwa wakichonga mabirika ya bilauri ambayo hata leo huwekwa katika hazina kubwa za Ulaya. Moja lenye jina la Khalifa al-Aziz liko Venice. Jina la fundi wa pwani aliyechonga bilauri mfano wa ile halikutufikia. Miaka elfu imepita, na bado tunasafirisha jiwe bila ya mkono.

Kuna watakaosema: mambo ya vito ni anasa, wacheni wenye nacho waangalie. Hatukubaliani nao. Chini ya anasa hiyo wamo watu wengi wasio na anasa yoyote, wachimbaji wa Kasigau na Mwatate wanaoshuka mashimoni. Pana hatari na pana uhasama. Bridges mwenyewe aliuawa Agosti 2009 karibu na Voi, katika ugomvi uliohusu machimbo. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 ilisema kwamba katika mrabaha asilimia 70 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti na 10 ya wenyeji wa mahali. Ni hesabu nzuri. Lakini asilimia 10 ya thamani ya jiwe ghafi ni kitu kimoja, na ujira wa kulikata, kulipiga msasa na kulitia katika pete ni kitu kingine, na hicho cha pili hakimo katika sheria yoyote ila kiwe mikononi mwa mtu.

Majirani wamejaribu. Mwaka 2018 Rais Magufuli alifungua ukuta uliozungushwa Mirerani, wa zaidi ya kilomita 24, ili tanzanaiti isipenye kwa magendo. Mwaka 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliiuzia serikali ya Tanzania mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi za huko bilioni 7 na zaidi. Dunia nzima ilisikia. Lakini ukuta huzuia jiwe kutoka kwa wizi, haumfundishi kijana kulikata. Kenya nayo ilijenga kituo cha vito pale Voi. Jengo ni jema. Ila jengo halina vidole.

Vidole tunavyo, na hapa ndipo nchi ya Abagusii inaporudi katika maneno yetu. Si mbali sana na Gesima, katika Kaunti jirani ya Kisii, iko Tabaka, na Tabaka ni mahali pa mawe. Jiwe lao halina thamani ya karati. Ni laini, hata kisu hulichonga. Lakini watu wa Tabaka wamelitia mkono, wakalipiga msasa kwa maji likawa kama pembe ya ndovu, wakatoa sahani, sanamu, shanga, herini na vidani vinavyouzwa mpaka mitaa ya Mombasa. Mmoja wao, Elkana Ong'esa, kazi yake imesimama mbele ya makao ya UNESCO, Paris. Zingatia basi: Taita wana jiwe ghali na hawalimalizi kazi. Tabaka wana jiwe rahisi na wamelimaliza, likatoka na sura yao.

Na Lamu? Masonara wa Lamu wamefanya jambo lililotupendeza. Walichukua vigae vya sahani za kale za Kichina, vile vinavyookotwa ufukoni na katika magofu, wakavikata na kuvizungushia fedha, vikawa pete na vidani. Kigae ambacho ni takataka kimekuwa kito, kwa sababu tu fundi alikuwa na fikira. Umbo ni jipya, na mkono ni ule ule wa zamani uliozungushia akiki. Huo ndio usasa tuutakao. Mtu hakuiga, wala hakubakia pale alipoachwa na babu yake.

Mgala muuwe na haki umpe. Kazi ya mgeni ni safi, kucha zake hazikwaruzi, mizani yake haikosi, na wako miongoni mwa masonara wetu waliotuuzia dhahabu ya maji kwa bei ya dhahabu, na kioo cha kijani wakakiita tsavoraiti. Kabla ya kumlaumu bibi arusi kwa kununua cha Dubai, fundi wetu naye ajirekebishe.

Rai yetu ni hii. Kituo cha Voi kiwaite walimu wa mkono kutoka Lamu na Tabaka, sio walimu wa makaratasi peke yao. Kijana wa Taita ajifunze kulitambua jiwe na kulikata, kijana wa Lamu ajifunze kulitia, na kijana wa Gesima, ambaye nyanya yake alivaa ebitinge, aulizwe ule mviringo wa chuma wa kwao waweza kuzaa bangili gani leo. Kila fundi atie alama yake ndani ya pete, ajulikane akisifiwa na ajulikane akilaumiwa. Na wafanyi biashara ya vito wakumbuke kwamba pambo la halali alivaalo mwanamke halina zaka katika madhehebu yetu ya Shafii, lakini johari iliyo bidhaa dukani ina zaka ya biashara. Hapo panatosha kuwasomeshea mafundi kadhaa.

Nanyi wazee wa arusi, mnapokwenda kuposa mwaulizana pete ni karati ngapi. Ulizeni na la pili: nani kaifua? Qur'ani Tukufu, katika Suratul Rahman, imetaja lulu, marjani na yakuti miongoni mwa neema za Mola. Neema tumepewa ikiwa ardhini. Mwacha mila ni mtumwa, na anayeuza jiwe ghafi akanunua pete yake mwenyewe amekwisha kujivisha pingu, hata kama pingu hiyo ni ya dhahabu.