Mama aliyeacha unga apokelewe, asikaripiwe

Nina dukuduku kuhusu kina mama wajawazito waliowahi kuzama katika dawa za kulevya au pombe, na ambao sasa wanajitahidi kuacha.

Mwaka juzi mtoto mmoja wa darasa la tatu, ninalofundisha, alifiwa na bibi yake aliyekuwa akimlea. Mama yake alikuja msibani kutoka Dar es Salaam, akiwa na mimba ya miezi mitano. Huko mjini aliwahi kutumia unga wa heroini, lakini alikuwa ameacha na kila siku alikunywa methadoni kliniki. Baada ya mazishi alitaka kurudi upesi kwa sababu ya dawa hiyo. Sisi tukamzuia. Tulisema amebadilisha kilevi kwa kilevi. Naona haya kukiri kwamba hata mimi, mwalimu, nilimwambia kuwa kama anampenda mtoto aliye tumboni basi aache na hiyo methadoni.

Alinisikiliza. Siku chache baadaye alikuwa akitetemeka, akitapika na kuumwa tumbo. Mwanawe akaacha kuja shuleni ili amwuguze. Alipokwenda zahanati alikaripiwa mbele ya wajawazito wenzake, akaambiwa asiwapotezee watu muda. Akaapa kwamba hatakanyaga tena kliniki.

Tulipomfikisha hospitali, daktari aliniweka kando akanieleza kosa langu. Mjamzito aliyezoea heroini au methadoni hapaswi kukatishwa ghafla, kwani anaweza kupoteza mimba, au kurudia unga, jambo ambalo ni hatari zaidi. Methadoni inayotolewa kwa kipimo na mtaalamu humtuliza mama na kumwezesha kuhudhuria kliniki ya wajawazito. Mtoto anaweza kuzaliwa akilia sana, akitetemeka na kunyonya kwa shida, lakini hali hiyo inatibika. Mama aliyetulia katika matibabu huruhusiwa kunyonyesha, isipokuwa daktari akiona sababu ya kumzuia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya mambo haya mwaka 2014.

Na tusidhani kwamba haya ni mambo ya mjini tu. Huku kwetu kuna gongo. Pombe humfikia mtoto tumboni na inaweza kuharibu ubongo wake, wala hakuna kiasi kinachojulikana kuwa ni salama. Lakini mama aliyekuwa akinywa sana kila siku naye asiache peke yake nyumbani, maana anaweza kupatwa na degedege. Aache akiwa chini ya uangalizi wa mganga.

Ndugu Mhariri, Serikali yetu inastahili pongezi. Mwaka 2011 huduma ya methadoni ilianzishwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na baadaye ikafika hospitali nyingine. Sera ya Afya ya mwaka 2007 nayo ilitaka wajawazito wahudumiwe bila malipo. Lakini faida gani kama mama anafukuzwa mlangoni kwa maneno? Dawa hii kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mkulima hana nauli ya kila siku.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, wakunga na waganga wa zahanati wafundishwe kumwuliza mama habari za ulevi kwa faragha na kwa upole, kisha wamwelekeze anakotakiwa kwenda. Pili, huduma hii isogezwe karibu na vijiji, na mgonjwa anayesafiri apewe barua ya kumwezesha kupata dawa kituo kingine. Tatu, sisi wananchi, hasa waume, tuache kejeli. Wazee wetu husimulia jinsi mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, walivyokaa katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakachimba vyoo pamoja. Kama waliweza kushirikiana kuchimba vyoo, sisi tunashindwaje kumchangia nauli mama mmoja?

Yule mama tulimchangia. Alirudi Dar es Salaam, akarudishiwa dawa yake, akajifungua mtoto mdogo wa umbo aliyekaa wodini kwa muda akitibiwa. Leo mtoto huyo anatembea. Dada yake yuko darasani kwangu, na kila ninapomwona nakumbuka kwamba ushauri wangu wa kijinga ulikaribia kumwacha bila mama.

Mwalimu akikosea ubaoni hufuta. Hili sikuweza kulifuta, ndiyo maana nimeandika.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilwa.