Staa wa Buswelu, Kucha Hizo na Uji wa Bibi Wapi na Wapi?

Staa mmoja wa Rock City, mkazi wa Buswelu (jina kapuni), wikiendi kala bethdei yake kwenye makazi ya wazee. Keki, mpiga picha, mashosti wanne. Video imetembea, watu wamemwaga makopakopa. Roho nzuri anayo, hilo halina ubishi. Lakini angalieni mikono, wadau.

Kavaa glovu pea moja. Kwa pea hiyohiyo kamlisha bibi uji, kamfuta babu udenda, kashika simu aone kama picha imekaa poa, halafu huyoo kwa bibi mwingine na kijiko. Eti "ona alivyo msafi". Msafi kwa nani? Glovu zile zilimlinda yeye, wazee wakagawana mate. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 haupindi kona: glovu za mtu mmoja haziendi kwa mwingine, na ukivua unanawa.

Na zile kucha za kubandika, ndefu kama vijiko! Mwongozo huohuo unazikataza kwa anayehudumia wagonjwa, maana vijidudu hubaki chini yake hata baada ya kunawa.

Shosti mmoja anakohoa, anasikika kabisa, sekunde chache baadaye anambusu bibi shavuni. Mafua kwa mtu wa miaka 25 ni chai ya tangawizi na siku tatu za kulala. Kwa mzee wa 80 yanaweza kuishia kwenye nimonia. Korona ilipoingia nyumba za wazee Ulaya na Marekani mwaka 2020, watu walikwisha humo.

Kinachouma zaidi ni yule dada mhudumu kwenye kona ya video, kasimama na ndoo ya koki na sabuni. Hakuna aliyemsogelea. Na angemwambia nini mtu aliyekuja na magunia ya mchele? Akifungua mdomo, hana shukrani. Wazee wakianza kuharisha, ni yeye atakayefua mashuka, mastaa wameshalala.

Mtasema ni wivu, wanaoponda hawajapeleka hata kilo ya sukari. Sawa. Ila kunawa kwa sabuni ni sekunde 40 hadi 60, na lipstiki pale mlangoni ilipakwa kwa muda mrefu zaidi ya huo. Krismasi kaahidi kurudi. Kucha azibandue, anayekohoa abaki kwenye gari, na aanzie kwenye ile ndoo. Kamera imrekodi hapohapo akitaka.