"Inamsaidia" haitoshi

"Ilimradi inamsaidia, wewe kinakuuma nini?" Kauli hii imefunga mijadala mingi vijiweni na hata kwenye vikao vya wasomi. Ukiuliza kama jambo ni kweli, unaonekana mkorofi. Wengi huiita busara. Mimi naiita uvivu, na uvivu huu umeshatuzikia watu.

Mwaka 2011, huko Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mti wa mugariga. Kikombe kimoja, shilingi 500, kisukari na UKIMWI kwisha. Foleni ya magari ikaenda kilomita kwa kilomita, vigogo wa serikali nao wakanywa. Wagonjwa walitolewa wodini kupelekwa kwa Babu, na wengine wakafia njiani. Wapo wenye VVU walioacha dawa zao.

Watetezi walituuliza: watu wanapata nafuu, mnataka ushahidi gani tena? Nafuu siikatai. Aliyekata tamaa, akasafiri usiku na mchana hadi akapokea kikombe kwa mkono wa Babu mwenyewe, ataamka kesho yake mwili mwepesi. Lakini akijichoma kidole, tone la damu likaingia kwenye kipimo cha sukari, namba itakayotokea haijali ana matumaini kiasi gani.

Tena, huwezi kusema kitu kinasaidia bila kuhesabu: wamekunywa wangapi, vipimo vyao vilisomaje kabla na baada, na wasiokunywa wameendeleaje? Kumbe hata manufaa yanadai ushahidi. Anayeukimbia ushahidi kwa kisingizio cha manufaa ameshika ushahidi mbovu kuliko wote, ushuhuda wa waliorudi hai. Marehemu hapewi kipaza sauti.

Nitaambiwa kwamba imani potofu nayo huzaa mema. Ni kweli, huzaa kwa bahati. London ya karne ya 19 iliamini kuwa harufu mbaya ndiyo ugonjwa. Kwa imani hiyo, miaka ya 1840, Edwin Chadwick na wenzake walihimiza kinyesi kiondolewe majumbani kisukumwe hadi mto Thames, ambao maji yake watu waliyanywa. Mwaka 1849 kipindupindu kikaua maelfu. Baada ya uvundo mkubwa wa mto huo mwaka 1858, imani ileile ikajenga mifereji iliyopeleka majitaka mbali na mji, na hapo ikaokoa watu. Imani ni moja. Kwanza iliua, kisha ikaokoa, na waliokuwa nayo hawakuwa na njia ya kujua lini itafanya lipi. Kilichoweza kuwaambia ni ushahidi wa daktari John Snow, aliyefuatilia vifo vya kipindupindu vya 1854 hadi kwenye pampu ya maji ya Broad Street.

Sala impe mgonjwa faraja, hapo sina ugomvi. Ila anayetangaza tiba ametoa dai kuhusu damu na virusi, na dai la namna hiyo hupimwa. Kumwacha ndugu yako aache dawa kwa kuwa "anajisikia vizuri" si kumheshimu. Ni kukwepa kumwambia ukweli angali hai kuusikia.