Mtaa umepanda? Umepanda na nani?

Wadau wa Mlimani, bumu limeingia, na kama kawaida hosteli hazitoshi. Hata zile zilizofunguliwa 2017 zenye nafasi 3,840 hazijamaliza kilio. Kwa hiyo kila nguzo ya umeme ina karatasi ya dalali: chumba masta, tailizi, jipsamu, Ubungo, Msewe, Changanyikeni. Na kila mshkaji anaimba wimbo uleule: "Mtaa ule umepanda, wahi mapema."

Leo naomba niseme bila kuzunguka. "Umepanda" ni neno la dalali. Ukilimeza bila kulitafuna unalipa kodi ya miezi sita kwa ajili ya rangi ya geti.

Mimi kwetu ni Kimamba, wilaya ya Kilosa. Najua wengi wenu mnalijua jina tu, kama mnalijua. Wajerumani walifikisha reli Morogoro 1907, wakaisogeza mpaka kwetu, na mashamba ya mkonge yakachanua. Watu walikuja kutoka kila pembe ya nchi kukata mkonge. Mtu angekwambia enzi hizo kwamba Kimamba imepanda, asingekuwa mwongo. Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge! Halafu kamba za plastiki zikaja, bei ikaporomoka, mashamba yakataifishwa, uzalishaji ukashuka, mji ukapoa. Treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma 2024, stesheni inayotajwa ni Kilosa. Ndiyo maana sisi wa kule hatushtuki haraka. Mahali hupanda kwa sababu fulani. Sababu ikihama, unabaki na kuta.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa dalali: mtaa umepanda kwa sababu gani? Chukua Ubungo. Stendi ya mabasi ya mikoani ilihamia Mbezi Luis 2021, na gesti, mama lishe na wabeba mizigo walioishi kwa stendi wakapata pigo. Mwaka huohuo barabara za juu zikazinduliwa. Pale palipokuwa stendi pakajengwa kituo kikubwa cha biashara, kikazinduliwa 2025. Sasa dalali anakufungulia dirisha anakuonyesha jengo kana kwamba ni la babu yako. Jamani, lile jengo ni la wafanyabiashara. Wewe unahitaji chumba cha kusomea, daladala ya asubuhi na wali maharage wa bei nafuu. Jengo linakupa lipi kati ya hayo? Kama hakuna, kwa nini ulilipie kwenye kodi?

Swali la pili: maji yanapita wapi? Mtu wa Kilosa hafundishwi hili. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalibeba nyumba za watu na kukata reli. Hapa Dar, Desemba 2011, bonde la Msimbazi lilijaa mpaka serikali ikahamishia waathirika Mabwepande. Mafuriko hayasomi tangazo la "tailizi mpya". Nenda kaangalie chumba siku mvua imenyesha. Usitazame ukuta uliopakwa rangi juzi, tazama nyumba ya jirani ya zamani, pale alama ya matope ilipoishia. Halafu muulize jirani, siyo dalali, bomba linatoka siku ngapi kwa wiki. Uliza Luku ni yako peke yako au mnachangia na friji la mwenye nyumba. Na kumbuka tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye Luku. Mwenye kudaiwa ni mwenye nyumba, anayekatwa ni wewe unayenunua umeme. Mmalizane kabla hujatoa hela, na iandikwe kwenye mkataba.

Swali la tatu ndilo linaloniuma. Waliokuwa wanakaa humo wamekwenda wapi?

Sinza mnayoisifia ilipimwa miaka ya 70, kwenye mradi wa viwanja wa serikali na Benki ya Dunia, kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Wenye hela wakavipenda viwanja, wakanunua, na walengwa wengi wakasogea mbali. Leo kazi hiyo tunaifanya sisi. Washkaji wanne tunachanga na kutoa kiasi ambacho mama mchoma chapati mwenye watoto watatu hawezi kukigusa. Mwenye nyumba anatupenda: tunalipa kwa mkupuo bumu likitoka, hatujui mjumbe wa mtaa ni nani, na tukimaliza chuo tunaondoka bila kelele, naye anapandisha kwa wanaofuata. Mama anahamia Kibamba na chapati zake. Baada ya mwezi tunaanza kulalamika kwamba mtaa hauna msosi wa bei poa. Ulitegemea nani akupikie?

Kuna watakaosema hayo ndiyo maendeleo, asiyeweza apishe. Sikubali. Magomeni Kota kaya 644 zilivunjiwa nyumba, zikahangaika takriban miaka kumi, lakini ghorofa zilipozinduliwa Machi 2022, zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya kaya zilezile. Walisubiri mno, kweli. Ila imeonekana kwamba mtaa unaweza kupanda na watu wake.

Sisemi mkalale stendi. Tunahitaji vyumba, tupange. Ila tuache kushindana sisi kwa sisi kupandisha dau. Ulizia wapangaji waliopo wanalipa ngapi, ukae hapohapo. Kataa kulipa mwaka mzima. Fika ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe, ili ukionewa uwe na pa kusemea. Na ukiambiwa chumba kimeachwa wazi wiki iliyopita, uliza aliyetoka alitoka kwa sababu gani. Kama alipandishiwa kodi ghafla, wewe ndiye wa pili kwenye foleni.

Anayebisha aje na hoja, siyo matusi. Nawasilisha.