AFYA YA NYUMBANI: Mkono Usiosikia Moto

Mkono unaouma hutafutiwa dawa upesi. Wa kuogopwa zaidi ni mkono usiouma. Mama akishika sufuria ya moto asisikie, au askari akiona kidole chake kidogo na jirani yake vinajikunja vyenyewe, asidhani ni uchovu wa kazi, wala asiseme amerogwa. Huenda ni ukoma. Maradhi haya sasa ni adimu, lakini hapa Burundi hayajatoweka.

Vijidudu vyake, alivyovigundua Hansen wa Norway mwaka 1873, hushambulia mshipa wa fahamu upitao nyuma ya kiwiko. Tabibu hupapasa hapo ajue kama umenenepa, kisha hugusa ngozi kwa pamba huku mgonjwa amefumba macho. Baka lililopauka lisilosikia pamba ni dalili kubwa.

Dawa hutolewa bure: miezi 6 kwa mwenye mabaka machache, miezi 12 kwa mwenye mengi. Ganzi isiyozidi miezi 6 mara nyingi hupungua kwa vidonge vya prednisoloni, chini ya uangalizi wa tabibu. Ikichelewa, vidole hubaki vimekunjamana, na tegemeo ni upasuaji wa kuhamisha kano.

Basi jioni ya leo, kagueni mikono ya watu wa nyumbani. Mwenye baka lisilosikia asifichwe wala asitengwe. Akishaanza dawa, haambukizi tena. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya kijeshi ya Kamenge, kesho asubuhi.