Petroli ya Bei Kubwa: Je, Yafaa Fedha Zake?

Juma hili nataka tuzungumze habari ya petroli. Najua wengine watasema: "Sisi hatuna motokaa, habari hiyo ni ya watu wa mjini." Ngojeni kidogo. Siku hizi ni vijiji vichache visivyosikia mlio wa piki-piki. Mgonjwa hupelekwa zahanati kwa piki-piki, gunia la mahindi huenda sokoni kwa gari dogo la kukodi, na nauli yatoka mfukoni mwetu. Basi bei ya petroli ni habari ya kila nyumba, hata nyumba yenye baiskeli tu.

Miezi miwili iliyopita, Jumapili mchana, mpwa wangu alikuja kunitazama. Kijana huyu ana piki-piki ya kubeba abiria, na deni lake bado hajalimaliza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Kazi ipo, mjomba, ila fedha haikai. Abiria ninao, lakini jioni nikihesabu sioni kitu. Mwenye deni ananidai, na daftari za watoto sijanunua."

Nikamwuliza fedha yaenda wapi. Akasema yaenda kwenye petroli. Kumbe kila asubuhi akifika mjini hutia petroli ile ya bei kubwa, yenye jina zuri na pampu yake peke yake. Wenzake wamemwambia kwamba ina nguvu zaidi na hurefusha maisha ya injini.

"Na petroli ya kawaida umeijaribu?"

"Nimeijaribu, mjomba. Haifai. Nikiitia, injini inagonga nikipanda kilima, kama mtu anayeponda kokoto."

"Petroli hiyo ya kawaida waitia wapi?"

"Hapa hapa njiani, jioni, katika chupa."

Hapo nikacheka kidogo, naye akakasirika kidogo. Lakini kabla sijawaelezeni kwa nini nilicheka, yafaa kwanza tujue petroli hiyo ya bei kubwa ni kitu gani.

Ndani ya injini mna silinda, na ndani ya silinda mna pistoni inayopanda na kushuka. Kwanza pistoni hushuka na kuvuta hewa pamoja na petroli. Kisha hupanda na kuibana hewa hiyo mpaka iwe kidogo sana. Hapo plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, moto huisukuma pistoni chini, na gurudumu huzunguka. Mwisho pistoni hupanda tena na kuutoa moshi. Ndiyo kazi yote, mara maelfu kwa dakika chache. Mjerumani Nikolaus Otto aliifaulisha injini ya namna hii mwaka 1876, na mpaka leo mpango ni ule ule.

Sasa, hewa ikibanwa hupata joto. Aliyewahi kujaza upepo katika tairi la baiskeli anajua jinsi bomba linavyopata moto upande wa chini. Katika injini joto hilo ni kubwa zaidi. Cheche ikiisha kuwasha upande mmoja, pengine petroli iliyobaki upande wa pili haingoji kufikiwa na moto, bali hulipuka yenyewe kwa ghafula. Ule mlipuko wa pembeni ndio unaogonga. Ukiendelea siku nyingi huweza kuiharibu pistoni, hata kuitoboa.

Okteni ni kipimo cha uvumilivu wa petroli isilipuke kabla ya zamu yake. Wataalamu walichukua vimiminiko viwili. Kimoja kinavumilia sana, wakakipa namba 100. Cha pili kinalipuka upesi, wakakipa sifuri. Petroli yenye okteni 95 ni ile inayovumilia sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za kile cha kwanza na sehemu 5 za kile cha pili.

Angalieni vema, ndugu zangu: namba hiyo haipimi nguvu, inapima uvumilivu tu. Lita moja ya petroli ya okteni kubwa na lita moja ya okteni ndogo zina joto karibu sawa ndani yake. Mkitaka ushahidi, tazameni spiriti iitwayo ethanoli, inayopatikana kwa miwa au mahindi. Okteni yake yapita 100, lakini lita yake moja ina joto pungufu ya petroli kwa kiasi cha theluthi moja. Kama okteni ingekuwa nguvu, ethanoli ingeishinda petroli kwa mbali.

Mtauliza: kwa nini basi watengenezaji husema gari fulani linataka okteni kubwa? Kwa sababu injini nyingine hubana hewa kwa nguvu zaidi, au zina turbo, yaani kipepeo kinachosukuma hewa nyingi ndani. Injini ya namna hiyo hupata nguvu kwa kule kubana sana, lakini yahitaji petroli mvumilivu. Nguvu ni ya injini, petroli inairuhusu tu. Injini isiyobana sana haina haja na uvumilivu huo. Ni kama kumnunulia mtoto viatu vya mtu mzima kwa kuwa ni vya bei zaidi: hatakimbia upesi kwa ajili hiyo.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2016 chama kikubwa cha wenye motokaa cha Marekani, kiitwacho AAA, kilichukua motokaa zilizotengenezwa kwa petroli ya kawaida, kikazitia petroli ya kawaida, kisha ile ya bei kubwa. Kikapima nguvu, ulaji wa mafuta na moshi. Hakikuona faida ya maana hata katika moja ya mambo hayo. Chama kikahesabu kwamba katika miezi 12 madereva milioni 16.5 wa nchi ile waliitia petroli ya bei kubwa katika motokaa zisizoihitaji, na fedha iliyopotea ilipita dola bilioni 2.1. Wale ni watu wenye shule nyingi na magazeti mengi. Basi mpwa wangu asione haya sana.

Mwaka 2017 chama kile kikapima motokaa za namna nyingine, ambazo kitabu chake hushauri petroli ya okteni kubwa lakini hakilazimishi. Hapo palikuwa na faida ndogo: kwa wastani umbali wa safari uliongezeka kwa asilimia 2.7, na nguvu kwa asilimia 1.4. Lakini bei ya petroli ile ilizidi kwa asilimia 20 hadi 25. Mtu alipe shilingi 120 badala ya 100, apate safari ya maili 103 badala ya 100! Mama yeyote auzaye nyanya sokoni ataiona hasara hiyo bila kuhitaji kalamu.

Wazee watasema: "Lakini zamani tuliambiwa supa ni bora." Ni kweli, mliambiwa, na palikuwa na sababu. Motokaa za zamani zilikuwa na kabureta, tena hazikuwa na chombo cha kusikia mgongano. Zenye kubana sana zikitiwa petroli duni ziligonga mara moja. Motokaa nyingi za siku hizi zina sikio dogo la umeme juu ya injini. Likisikia mgongano, huichelewesha cheche kidogo, na injini hutulia.

Tena hiyo supa ya zamani ilikuwa na siri mbaya. Mwaka 1921 mtaalamu wa Marekani, Thomas Midgley, aligundua kwamba dawa yenye risasi, yaani ile madini nzito ya kuzamishia nyavu, huongeza uvumilivu wa petroli kwa gharama ndogo. Ikaanza kuuzwa mwaka 1923, ikaenea duniani. Lakini risasi ni sumu. Ikitoka katika moshi na kuingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo wake, hata ikiwa kidogo. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuiuza petroli hiyo ilipokwisha mwaka 2005, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha mwaka 2021. Basi anayesema mafuta ya zamani yalikuwa bora kuliko ya leo, mwambieni afikiri tena.

Sasa turudi kwa mpwa wangu na chupa yake. Kwa nini nilicheka? Kwa kuwa hakuwahi kuijaribu petroli ya kawaida ya pampu hata siku moja. Alilinganisha petroli ya bei kubwa ya kituoni na petroli ya chupa ya njiani, kisha akailaumu ya kawaida. Mwenye chupa hatujui ameichanganya na nini. Kuna watu hutia mafuta ya taa ndani ya petroli ili wapate faida, maana pengine mafuta ya taa huwa rahisi. Serikali zaujua mchezo huo. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo yake mwaka 2018, ili kuondoa tamaa ya kuchanganya. Mafuta ya taa yana okteni ndogo sana. Piki-piki ikiyanywa, lazima igonge kilimani, na plagi hujaa masizi.

Tena chupa ya petroli ni hatari ndani ya nyumba. Mvuke wake hutambaa chini mpaka ukutane na jiko au koroboi. Wenye watoto nyumbani, msiifanye sebule yenu kuwa bohari ya petroli.

Nikampa mpwa wangu shauri hili. Majuma mawili atie petroli ya kawaida, ya pampu, katika kituo kile kile, asinunue chupa kabisa. Aandike katika daftari: lita ngapi, shilingi ngapi, maili ngapi. Kisha majuma mawili arudie petroli ya bei kubwa, aandike vile vile. Daftari halimpendelei mtu.

Juzi alikuja na daftari lake. Mgongano wa kilimani ulikwisha tangu juma la kwanza, kwa petroli ya kawaida. Na maili za majuma ya kwanza na za majuma ya pili hazikupishana kwa kitu cha kuhesabika. Tukafanya hesabu pamoja, mke wake akiwa anasikiliza mlangoni. Tuseme tofauti ya bei ni shilingi 200 kwa lita, na lita ni 3 kwa siku. Hizo ni shilingi 600 kwa siku, shilingi 3,600 kwa siku 6 za kazi, na kwa majuma 52 ni shilingi 187,200. Kijana akanyamaza. Mke wake akasema: "Kumbe daftari za watoto zilikuwa ndani ya tangi."

Sikuwa na neno la kuongeza.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi petroli ya okteni kubwa ni udanganyifu. Kama kitabu cha motokaa kinasema ni lazima itiwe petroli ya okteni fulani, tia hiyo, wala usifanye uchumi wa kuua injini. Na wenye motokaa kuukuu za Japani, ambazo ni nyingi katika barabara zetu, wajue hili: Japani kuna petroli za namna mbili, ya kawaida ambayo okteni yake haipungui 89, na ya juu ambayo haipungui 96. Motokaa iliyokunywa ya kawaida kwao haina haja ya kudekezwa kwetu. Ile ya turbo pengine ilikunywa ya juu. Tazameni kikaratasi kilichobandikwa ndani ya kifuniko cha tangi. Kama ni cha Kijapani, mtafuteni mtu wa kuwasomea.

Tena mjihadhari na namba za Marekani. Wao huhesabu kwa njia nyingine, na 87 ya kwao ni kama 91 au 92 ya kwingineko. Anayelinganisha asichanganye mizani mbili.

Na kama injini inagonga hata kwa petroli safi ya pampu, usiifunike sauti kwa petroli ya bei kubwa. Mpelekee fundi. Pengine ni masizi ndani ya silinda, au plagi isiyo yake, au injini inapata moto kupita kiasi. Mgonjwa hatibiwi kwa kuzibwa mdomo asiugue kwa sauti.

Kwa kifupi, fedha unayotaka kuongeza kwa ajili ya injini, iweke katika oili inayobadilishwa kwa wakati, kichujio safi cha hewa, na upepo wa kutosha katika matairi. Hivyo vitakurudishia. Kinachobaki, mpe mama wa watoto.

Haya, wasomaji, tuonane juma lijalo. Na yeyote mwenye daftari la petroli aniletee, tusome pamoja.