Marumaru Zetu, Nyumba ya Mwenyewe: Basi Tena!



Leo tunasema bila kuficha: tuache kumtilia mwenye nyumba marumaru kwa pesa zetu. Kila Ramadhani ikikaribia ndiyo mtindo. Sakafu imemong'onyoka, wageni wa futari wanakuja, tunaona haya. Pesa ya mchezo ikitoka tu, fundi anaitwa.

Sisi yametufika. Tulitia marumaru vyumba viwili na ukumbi kwa pesa za kushona nguo za Iddi. Mwenye nyumba akapita, akasifu, akaondoka. Mwaka haukwisha, kodi ikapanda. Sababu? Nyumba sasa ina marumaru! Tulilipishwa kwa kitu tulichonunua wenyewe. Tulipohama hatukubandua hata kipande kimoja.

Wapo watakaosema: tunaswali hapa, lazima pawe pazuri. Pawe safi, sawa. Lakini twahara haimo kwenye marumaru. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina ulikuwa na nguzo za mitende na paa la makuti yake, na chini ilikuwa ardhi tupu. Tuwe wakweli: mara nyingi kinachotusukuma ni macho ya mashoga, si swala.

Basi tufanyeje?

Kwanza, tuseme na mwenye nyumba kabla hatujatoa hata shilingi. Sakafu ni yake, aitengeneze yeye. Akisema hana, tukitoa sisi ikatwe kwenye kodi, na iandikwe: kiasi gani, miezi mingapi, saini zake na zetu, na mashahidi. Msione haya kuandikiana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inatuamrisha kuandika madeni. Mwenye kukasirishwa na karatasi, huyo ndiye wa kuogopwa.

Pili, tuzibe mashimo tu. Fundi agonge kilicholegea, afagie, aoshe, arowanishe, kisha apige saruji ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu, amalizie kwa niru. Mchanga wa pwani msikubali, una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Funikeni kwa magunia mabichi siku saba ili pasipasuke.

Tatu, tandikeni kapeti la plastiki, lile la roli. Pakikauka, kabla ya kutandika bandikeni kipande cha nailoni chini usiku mzima. Asubuhi mkikuta matone, ngojeni, mtafungia ukungu humo. Na msigande kwa gundi. Utepe wa pembeni unatosha, ili siku ya kuhama mlikunje mwende nalo.

Kupima tufanye kama tunavyopima kitambaa. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, na roli la upana wa mita 2: mkikata vipande viwili kufuata upande mrefu, mtanunua mita 7. Mkifuata upande mfupi, mita 6. Chumba ni kile kile, mita nzima imebaki mfukoni. Muuzaji hatawaambia hilo. Juu yake wekeni busati au mkeka, na mswala wenu. Nani atauliza chini yake kuna nini?

Na nyinyi kina mama wenye nyumba, msidhani tumewasahau. Wengine tunaswali nanyi safu moja. Mnachukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo, sakafu ina mashimo, mtoto anatambaa humo, halafu mpangaji akitengeneza mnampandishia. Hiyo si biashara, ni kula jasho la mwenzio. Sisi tukishona gauni likafumuka, tunalirudia bure. Kwa nini nyumba iwe na sheria yake?

Dada zetu, pesa hiyo ya marumaru ni cherehani ya pili, ni ada ya mtoto, ni tofali za kiwanja chako. Weka marumaru siku utakayokuwa na ufunguo ambao hakuna wa kukudai.

Wabillahi tawfiq.